Viktor Korchnoi na swali la mchezo wa 21

Fainali ya wawaniaji wa taji la dunia la sataranji ilichezwa Moscow mwaka 1974, na katika mchezo wa 21 Viktor Korchnoi, aliyekuwa na kete nyeupe, alifanya jambo ambalo tangu nilipolisoma kwa mara ya kwanza halijanitoka akilini. Katika hatua ya 13 farasi wake alikuwa amekila kitunda, ile kete ndogo kuliko zote, kilichomkinga mfalme wa Anatoly Karpov, na katika hatua ya 17 malkia mweusi akatolewa ubaoni. Karpov, ambaye hakuwa tena na la maana la kufanya, alimla askofu mweupe kwa askofu wake, na kwa kufanya hivyo akawa anaitishia ngome ya Korchnoi iliyokuwa bado pembeni kabisa mwa ubao. Korchnoi alitaka kumsogeza mfalme upande ule na kuivusha ngome juu yake, ile hatua moja inayohamisha kete mbili ambayo kila anayejifunza sataranji hufundishwa siku za mwanzo kabisa. Badala ya kuicheza, alinyanyuka akamwendea mwamuzi, Mbelgiji Alberic O'Kelly, akamuuliza kama sheria inaruhusu kufanya hivyo ilhali ngome inashambuliwa. Akaambiwa inaruhusiwa. Alirudi, akaicheza, na baada ya hatua moja nyingine Karpov akakubali kushindwa.

Sheria yenyewe si ngumu: anayekatazwa ni mfalme, kwamba asiondoke akiwa ametishwa, asipite katika kijumba kinachotishwa wala asiishie katika kijumba cha namna hiyo, lakini ngome haihusiki. Aliyeuliza swali hilo alikuwa na umri wa miaka 43, alikuwa amebeba cheo cha gwiji mkuu, kile ambacho wengi wetu tunakiita grandmasta, kwa miaka 18, na alikuwa ametwaa ubingwa wa Muungano wa Kisovieti mara nne. Baadaye alieleza kwa urahisi tu kwamba katika maisha yake yote hali kama ile ilikuwa haijawahi kumtokea. Wapo wanaokisimulia kisa hiki kama kichekesho. Mimi nakiona kama ufunguo wa kazi yake nzima, kwa sababu mtu aliye tayari kuuliza swali la mwanafunzi mbele ya ukumbi uliojaa watu, katika pambano kubwa kuliko yote aliyokuwa amecheza hadi wakati ule, ndiye mtu ambaye miaka 36 baadaye atakuwa bado anajifunza na bado anashinda.

Nilipoanza kumfuatilia Korchnoi nilikuwa nimekwisha kujiambia kwamba umri wangu umenipita. Nilikuwa mchezaji wa kawaida wa klabu, nimefikisha miaka 40, na kila kijana wa miaka kumi na mitano niliyekutana naye alinifanya nijione kama mzee anayetafuta miwani aliyoivaa. Kila alipotajwa Korchnoi, alitajwa kwa kile alichokikosa: yeye ndiye mchezaji bora, husemwa, ambaye hakuwahi kuwa bingwa wa dunia. Sentensi hiyo ni ya kweli, au inakaribia kuwa ya kweli ukimkumbuka pia Paul Keres, gwiji wa Estonia ambaye naye hakuwahi kulitwaa taji, lakini inapima kazi ya mtu kwa fito moja tu.

Alizaliwa Leningrad, ambayo leo ni Saint Petersburg, tarehe 23 Machi 1931. Alikuwa na umri wa miaka kumi majeshi ya Ujerumani yalipouzingira mji huo Septemba 1941, na aliishi humo katika mzingiro ulioua kwa njaa na baridi mamia ya maelfu ya watu. Baba yake, ambaye ndiye aliyemfundisha sataranji, alifariki katika mwaka ule ule wa kwanza wa vita. Vita vilipopungua alijiunga na Jumba la Mapainia la mji wake, kituo cha watoto na vijana, chini ya mwalimu Vladimir Zak, na mwaka 1947 akawa bingwa wa vijana wa nchi nzima. Sitaki kufanya kama wale wanaoeleza kila hatua ya mtu kwa utoto wake, lakini ni vigumu kuyatazama maelfu ya michezo ya Korchnoi bila kuona hulka moja inayojirudia: akiachiwa kitunda, alikila. Wachezaji wengi wa kiwango cha juu huogopa kitunda cha bure kwa sababu hujua kwamba kinakuja na shambulio. Yeye alikipokea, akajikunyata, akavumilia kipigo kwa hatua ishirini au thelathini, kisha shambulio lilipochoka alikuwa na kitunda kimoja cha ziada na muda wote wa dunia. Mikhail Tal, aliyewatetemesha wengine wote kwa kafara zake na akawa bingwa wa dunia mwaka 1960, alikuwa mnyonge wake: aliambulia ushindi mchache sana dhidi yake, na kupoteza michezo mingi.

Cheo cha gwiji mkuu alikipata mwaka 1956. Kwa wasiofuatilia mambo haya, shirikisho la kimataifa la sataranji, FIDE, lilikitoa rasmi kwa mara ya kwanza mwaka 1950 kwa wachezaji 27 tu, na siku hizo hapakuwa na hesabu ya pointi za kupima nguvu za mchezaji inayotumika sasa. Leo mtu hutakiwa kufikisha pointi 2500 na kutimiza kiwango cha gwiji mkuu mara tatu katika mashindano yanayotambuliwa. Ubingwa wa Kisovieti, ambao wakati huo ulikuwa mgumu kuliko mashindano mengi ya kimataifa, aliutwaa mwaka 1960, 1962, katika msimu wa 1964 hadi 1965, na tena 1970. Mwaka 1968 alifika fainali ya wawaniaji akashindwa na Boris Spassky, na 1971 Tigran Petrosian alimsimamisha katika nusu fainali. Wengi walidhani kilele chake kimepita.

Ndipo ikaja ile fainali ya Moscow. Karpov alikuwa na umri wa miaka 23, mtoto kipenzi wa wakuu wa michezo, na baada ya michezo 17 alikuwa anaongoza kwa ushindi mara tatu bila kufungwa hata mara moja. Korchnoi alishinda mchezo wa 19, akashinda na ule wa 21 niliousimulia, lakini michezo mitatu iliyobaki ilikwisha kwa sare, na Karpov akapita kwa tofauti ya mchezo mmoja: 3 kwa 2, pamoja na sare 19. Hakuna aliyejua siku hiyo kwamba lilikuwa, kwa vitendo, pambano la taji lenyewe. Mwaka 1975 Bobby Fischer alikataa kutetea ubingwa wake, na Karpov akavikwa taji bila kusogeza kete. Korchnoi alikuwa amelikosa kwa pointi moja.

Hakulinyamazia. Alisema hadharani, katika mazungumzo na gazeti la Yugoslavia, kwamba uchezaji wa Karpov haukumvutia, na kwa maneno hayo alizuiwa kusafiri nje kwa mashindano kwa takriban mwaka mzima. Nakiri kwamba Korchnoi hakuwa mtu rahisi. Alikuwa na ulimi mkali, alipokea vibaya kushindwa, na wachezaji wengi waliwahi kusikia kutoka kwake, dakika chache baada ya mchezo, kwamba hawajui kitu. Ninamheshimu bila kutamani kuwa jirani yake. Lakini adhabu ile ilikuwa kwa mchezaji wa kulipwa sawa na kumfungia mvuvi chombo chake, na alipofunguliwa tena alikuwa amekwisha kuamua.

Julai 1976 alicheza mashindano ya Amsterdam na kushika nafasi ya kwanza sawa na Mwingereza Tony Miles. Kisa kinachosimuliwa sana ni kwamba alimuuliza Miles namna ya kuandika kwa Kiingereza maneno "hifadhi ya kisiasa". Kisha akaenda kituo cha polisi akaiomba. Alikuwa gwiji mkuu wa kwanza mwenye nguvu kuutoroka Muungano wa Kisovieti. Nyuma aliwaacha mkewe na mwanawe Igor, na mbele yake, akiwa na umri wa miaka 45, palikuwa na maisha ya kuanza upya. Hatimaye alikaa Uswisi. Wachezaji wa Kisovieti waliacha kushiriki mashindano yoyote aliyoalikwa, jambo lililowafanya waandaaji wengi wa Ulaya kuchagua kati ya yeye mmoja na wao wote, na mara nyingi hawakumchagua yeye.

Mzunguko wa kumtafuta mpinzani wa Karpov, hata hivyo, haukuweza kumkwepa, na hapa ndipo mchoro wa kazi yake unapopinda kinyume na matarajio. Kwa kawaida mchezaji wa sataranji huanza kushuka anapokaribia miaka 40. Korchnoi, kati ya miaka 46 na 47, aliwatoa Petrosian, Lev Polugaevsky na Spassky, wote watatu wakiwa raia wa nchi aliyoikimbia, na mwanzoni mwa mwaka 1979 alifikisha pointi 2695, nyingi kuliko alizowahi kuwa nazo kabla au baada ya hapo.

Pambano la taji lilichezwa Baguio, katika milima ya Ufilipino, kuanzia Julai hadi Oktoba 1978. Kanuni ilikuwa kwamba mshindi ni atakayekuwa wa kwanza kushinda michezo sita, sare hazihesabiwi. Watu wengi wanalijua pambano hili kwa vituko vyake, na vituko kweli vilikuwepo. Katika mchezo wa pili Karpov aliletewa kikombe cha mtindi wa rangi ya zambarau, na kambi ya Korchnoi ikalalamika kwa maandishi kwamba rangi ya mtindi au wakati wa kuuleta ungeweza kuwa ishara ya siri. Uamuzi ukawa kwamba mtindi uletwe kwa saa maalumu. Kiti cha Korchnoi kilipigwa picha za eksirei kukaguliwa kama kimefichwa kitu. Katika safu za mbele aliketi mwanasaikolojia wa Kisovieti, Vladimir Zukhar, akimkazia macho Korchnoi muda wote, naye Korchnoi akavaa miwani ya vioo inayorudisha mwanga. Baadaye alileta wafuasi wawili wa jumuiya ya kiroho ya Ananda Marga wamfundishe kutulia kwa taamuli, kumbe walikuwa nje kwa dhamana katika kesi nzito ya jinai, na kambi ya Karpov nayo ikapata la kulalamikia.

Mimi niliposhika michezo yenyewe na kuicheza moja moja kwenye ubao wangu, usiku baada ya usiku, niligundua kwamba mtindi na miwani vimeificha hadithi iliyo bora zaidi. Chukua mchezo wa tano. Korchnoi, akiwa na kete nyeupe, alikuwa amembana Karpov hadi mfalme mweusi akabaki bila pa kukimbilia. Katika hatua ya 55, saa ikimbana, alikuwa na askofu ambaye angemtishia mfalme kutoka kijumba kimoja na kumfunga moja kwa moja baada ya hatua chache. Alimtishia kutoka kijumba kingine. Mfalme akaponyoka. Mchezo uliendelea hadi hatua ya 124 ukaisha kwa mkwamo, hali ambayo mfalme hajatishwa lakini hana pa kwenda, nayo ni sare. Hakuna mchezo wa ubingwa wa dunia uliokuwa mrefu kuliko huo hadi mwaka 2021. Nililiweka ubaoni umbo la hatua ya 55 na kulikodolea macho kwa dakika kumi bila kuiona hatua sahihi, ingawa nilijua kwamba ipo, na ndipo nilipoacha kumlaumu.

Katika mchezo wa 17, tena kwa kubanwa na saa, aliingia mwenyewe katika mtego wa farasi wawili wa Karpov. Baada ya michezo 27 Karpov alikuwa na ushindi mara tano na Korchnoi mara mbili. Karpov alihitaji mmoja tu. Mtu wa miaka 47, baada ya zaidi ya miezi miwili ya kukaa mbele ya kijana anayemzidi kwa miaka ishirini ya ujana, alikuwa na kila sababu ya kuchoka. Alishinda mchezo wa 28. Alishinda wa 29. Wa 30 ukawa sare. Katika mchezo wa 31 walifika kwenye umbo ambalo Korchnoi alilifahamu kuliko karibu kila mtu duniani, yaani mfalme, ngome na vitunda pande zote mbili, kete zingine zote zimekwisha. Umbo hilo ndilo linalofanana zaidi na sare katika sataranji yote, na wachezaji wa klabu yangu, nami nikiwemo, hulifikia na kupeana mikono. Korchnoi hakumpa mtu mkono. Alimtembeza mfalme wake taratibu hadi ndani ya eneo la adui, akavila vitunda kimoja kimoja, na matokeo yakawa 5 kwa 5.

Mchezo wa 32 alikuwa na kete nyeusi, akachagua ulinzi wa Pirc, ulinzi wa hatari unaomwachia mpinzani nafasi yote ya katikati. Alipigwa. Mchezo uliahirishwa hadi kesho yake lakini hakurudi ubaoni, akakubali kushindwa bila kuuendeleza. Nimesoma wengi wakisema kwamba alipaswa kucheza kwa utulivu na kungoja, kwa kuwa Karpov ndiye aliyekuwa anatetemeka. Huenda ni kweli. Lakini anayemwambia Korchnoi angoje anamtaka awe mtu mwingine, na huyo mtu mwingine asingelitoka 5 kwa 2 hadi 5 kwa 5.

Miaka mitatu baadaye alirudi, huko Merano nchini Italia. Sina mengi ya kusema juu yake. Mwanawe Igor alikuwa ametiwa kifungoni kwa kukataa kujiunga na jeshi, familia haikuruhusiwa kutoka, na Karpov alikuwa amekua. Michezo 18, ushindi 6 kwa 2. Igor na mama yake walitoka Muungano wa Kisovieti mwaka uliofuata.

Kuna jambo la mwaka 1983 ambalo halitajwi vya kutosha. Katika nusu fainali ya wawaniaji alipangiwa kijana wa miaka 20 aitwaye Garry Kasparov, mchezo ufanyike Pasadena, Marekani. Wakuu wa Kisovieti walikataa kumpeleka mchezaji wao huko, na FIDE ikampa Korchnoi ushindi wa mezani. Angeweza kuuchukua. Mtu aliyetendewa yote aliyotendewa angekuwa na haki ya kuuchukua na kucheka. Alikubali pambano lichezwe upya London, akashinda mchezo wa kwanza, kisha akapigwa 7 kwa 4, na Kasparov akaendelea na safari iliyomfikisha kwenye taji mwaka 1985. Pamoja na makubaliano hayo, kule kususiwa kwake na wachezaji wa Kisovieti kukakoma. Watu wanaomwita mkorofi, nami nimemwita hivyo hapo juu, ni vyema wakaliweka jambo hili kwenye mzani uleule.

Baada ya hapo wengi wangeandika kumbukumbu na kulea wajukuu. Korchnoi aliendelea kufuzu kwa hatua ya wawaniaji, mara ya mwisho mwaka 1991 akiwa na miaka 60. Mwishoni mwa mwaka 2004, akiwa na miaka 73, alimshinda mvulana wa miaka 14 kutoka Norwei aitwaye Magnus Carlsen, na kwa mchezo huo orodha ya watu aliowahi kuwashinda ambao kwa wakati wowote walikuwa mabingwa wa dunia ikawa na majina tisa: Botvinnik, Smyslov, Tal, Petrosian, Spassky, Fischer, Karpov, Kasparov na Carlsen. Wa kwanza katika orodha hiyo alizaliwa mwaka 1911 na wa mwisho mwaka 1990. Mwaka 2006 alitwaa ubingwa wa dunia wa wazee, na katika orodha ya FIDE ya Januari 2007, akiwa na miaka 75, alikuwa wa 85 duniani. Hakuna mzee kama huyo aliyewahi kuwa ndani ya mia bora.

Mchezo ninaourudia zaidi ni ule wa Gibraltar wa Januari 2011. Fabiano Caruana alikuwa na miaka 18, pointi zaidi ya 2700 na kete nyeupe. Miaka saba baadaye angecheza na Carlsen kuwania taji la dunia. Korchnoi alibakiza wiki chache kutimiza miaka 80. Hakushinda kwa bahati wala kwa kosa moja kubwa la kijana. Alimbana taratibu, akaipokea kila changamoto bila haraka, na Caruana akashindwa kama walivyoshindwa wengine nusu karne kabla yake. Jungu kuu halikosi ukoko. Mwaka huohuo alitwaa tena ubingwa wa Uswisi, akiwa tayari na miaka 80, dhidi ya watu ambao wengi wao walikuwa na umri wa wajukuu zake.

Mwishoni mwa 2012 alipatwa na kiharusi. Februari 2015 aliletwa Zurich akiwa kwenye kiti cha magurudumu, akawekwa mbele ya Mjerumani Wolfgang Uhlmann, mwenye miaka 79, ambaye kama yeye alikuwa ameutetea ulinzi wa Kifaransa, mojawapo ya njia za kuanza mchezo kwa kete nyeusi, maisha yake yote, wakacheza michezo ya saa ya haraka. Katika picha za siku hiyo mwili wake umenyong'onyea upande mmoja wa kiti, lakini macho yako ubaoni, na mkono mmoja umeinuliwa juu ya kete kana kwamba kuna kitunda ameachiwa na anatafakari kama akile. Alifariki Wohlen, Uswisi, tarehe 6 Juni 2016.